Usiziguse Nati, Utakwaruza Rangi

Jumapili, Buhare. Inakaribia saa kumi alasiri.

Mvua ya asubuhi imekatika. Umebaki upepo wa ziwani unaotikisa mabati na kutuletea harufu ya dagaa mpaka huku juu. Leo sikwenda kanisani. Nilimwambia mke wangu tumbo linaniuma, akanichemshia maji ya tangawizi kabla ya kuondoka na watoto. Tumbo haliniumi. Maji ya tangawizi niliyamwaga nje.

Kesho saa tatu asubuhi kamati ya wafanyakazi inakaa karakana kwetu, pale Mukendo, kuamua kama shemeji yangu Wambura aachishwe kazi. Wambura ni dereva wetu wa lori, na ndiye aliyemwoa mdogo wangu Nyangeta. Wiki iliyopita gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka akiwa njiani kwenda Bunda, lori likaingia shamba la pamba likalala ubavu. Mzee mmoja mkulima amevunjika paja. Askari wa barabarani ameshaandika maneno matatu: uzembe wa dereva. Kamati ikikubaliana naye, Wambura anapoteza kazi na leseni siku moja.

Gurudumu lile nililipaka rangi mimi.

Nijisifu kidogo hapa, maana baada ya kesho sidhani kama nitapata tena nafasi. Hakuna mtu Musoma hii anayekinga gari na kutu kama mimi. Magari yetu yanaoshewa Mwigobero, magurudumu yamezama ziwani, halafu yanapakiwa samaki wa chumvi ambao maji yao yanachuruzika mpaka chini. Rimu isiyopakwa vizuri haimalizi mwaka, inaanza kumenyeka vipande vipande. Mimi naisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, naiosha kwa mafuta ya taa, naipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, naiacha siku mbili. Ndipo nipake rangi ya fedha, na juu yake vanishi. Vitu vya plastiki na mpira navyo nina dawa yake: nta ya nyuki kutoka kwa warina asali wa upande wa Bunda, nayeyusha na mafuta ya taa kidogo, napaka kwenye dashibodi, vitufe na ile mipira myeusi ya milangoni, jua lisiipasue. Usukani na pedali siweki kamwe, zitateleza. Madereva wanaiita dawa ya Magesa. Magesa ndiye mimi.

Sasa matundu. Rimu ina matundu manane ya kupitishia skrubu, na kila tundu lina mdomo ambao nati inakuja kuubana, chuma kwa chuma. Mdomo ule haupakwi rangi. Rangi ikiwa nene pale, nati inabana rangi badala ya kubana chuma. Gari likitembea, rangi inasagika inakuwa unga, na nati uliyoikaza mpaka mishipa ikakutoka inaanza kucheza. Ndiyo maana kabla ya kupaka huwa nachovya kidole kwenye grisi na kupitisha kwenye kila mdomo. Rangi haishiki juu ya grisi. Ikikauka, nafuta kwa petroli, chuma kinabaki kitupu kama kilivyotoka kiwandani.

Hili nilifundishwa na fundi Kalasinga niliyefanya naye kazi kabla ya Uhuru. Siku ya kwanza nilipopitisha brashi kwenye mdomo wa tundu alinizaba kofi, na tangu siku hiyo sijasahau. Yaani nilisahau mara moja tu.

Hapana. Hata hiyo mara moja sikusahau.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Zilikuja habari kwamba wageni wakubwa watapita Musoma kwenda Butiama. Na Butiama ikishatajwa, kila mwenye cheo mkoani anapatwa na homa ya usafi. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Majani yalifyekwa mpaka yale ambayo ng'ombe walikuwa wanayategemea. Sukari tulikuwa tunaipangia foleni tangu alfajiri na wakati mwingine tunarudi na mifuko mitupu, lakini rangi ya fedha ilipatikana sanduku zima ndani ya siku moja.

Mkuu wetu wa karakana, Ndugu Masatu, aliniita Jumatano. Lori lingebeba kwaya ya wafanyakazi Ijumaa asubuhi kwenda kuimbia wageni. Alitaka magurudumu yote yang'ae, pamoja na tairi la akiba, maana linafungwa nyuma ya kabini na wageni wangeliona. Nilimwambia rangi ya kwanza peke yake inataka siku mbili. Akasema, "Ndugu Magesa, hizo ni habari za Kalasinga wako. Sasa hivi tunajenga nchi." Kisha akaondoka, funguo zikilia mfukoni.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nimepanga kuandika leo: kwamba tuliharakishwa, kwamba muda haukutosha, kwamba mkubwa hakutaka kusikia. Nilishaipanga kichwani sentensi kwa sentensi, na kusema kweli ilikuwa inapendeza. Lakini daftari hili halisomwi na mtu. Nikianza kudanganya na humu, nitakuwa namdanganya nani?

Muda ulitosha kuweka grisi. Matundu manane, magurudumu saba, kidole kimoja. Ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Kopo la grisi lilikuwa mezani, limejaa. Nililiona. Nakumbuka hata mfuniko ulikuwa umefunguka upande mmoja na nzi alikuwa ametua.

Tatizo la grisi ni kwamba inaacha kiduara kisichong'aa kuzunguka kila nati, hata ufute vipi. Mwaka jana Ndugu Masatu alisimama mbele ya mafundi wote akasema magurudumu ya Magesa yana ndui. Watu walicheka. Nami nilicheka, ningefanya nini. Lakini neno lile halikunitoka. Kila nilipokuwa napaka nilikuwa nalisikia. Basi Jumatano ile, kwa vile wageni wangeangalia, kwa vile Masatu angesimama pale pale na kutafuta ndui asiione, nikaliacha kopo la grisi mezani na kupaka mpaka ndani ya matundu. Mkono wa kwanza wa rangi, wa pili, na Alhamisi mchana wa tatu. Hakuna aliyeniagiza. Masatu hajui hata mdomo wa tundu ni kitu gani.

Nilijiambia nitaikwangua kabla ya kufunga magurudumu. Sikuikwangua. Ilikuwa imetoka laini mno, sikuwa na roho ya kuitia kisu.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ndivyo ilivyokuwa, nami nachukia kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi Wambura alikuja mapema, kashati kake kamepigwa pasi kwa ajili ya wageni. Akazunguka lori mara mbili akipiga miluzi. Wambura ana desturi moja ambayo madereva wengine wanamcheka nayo: gurudumu likitoka likarudishwa, lazima alikaze upya baada ya mwendo kidogo. Hata uwe umelikaza wewe fundi mkuu, yeye anasimama njiani, anatoa spana, anapita nati moja moja. Alikuwa ameshaishika spana mkononi.

"Shemeji," akaniambia, "hizi nikifika Makutano nitazikaza tena. Unajua mimi sifikaga mbali kabla sijazigusa."

Nami nikamjibu. Naliandika jibu langu lote, neno kwa neno, ili lisije likabadilika kesho:

"Nimezikaza mwenyewe. Usiziguse nati, utakwaruza rangi. Subiri wageni waondoke."

Akacheka. "Haya shemeji. Mwenye gari ni wewe, mimi naendeshaga tu." Akairudisha spana chini ya kiti.

Kwetu mtu habishani na kaka wa mke wake. Angeniambia maneno hayo fundi mwingine yeyote, Wambura angesimama Makutano na kukaza nati zake. Aliacha kwa sababu ni mimi.

Butiama walifika salama. Kwaya iliimba. Niliambiwa mgeni mmoja aliuliza magurudumu yale yamepakwa na nani, na Ndugu Masatu akanitaja kwa jina. Jioni ile nilimsimulia mke wangu habari hiyo mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Baba, nimesikia."

Jumamosi, wageni wakiwa bado hawajaondoka, lori lilitumwa kuwarudisha Bunda wakulima wa pamba waliokuja kuwapokea wageni. Lilikuwa limejaa. Wambura anasema usukani ulianza kutetemeka akadhani ni mashimo ya barabara. Halafu akaona gurudumu linampita mbele, linakwenda peke yake.

Nilitumwa mimi na wenzangu wawili na gari la kuvuta. Tulipofika, wakulima walikuwa wamekaa kando ya barabara na vumbi hadi kwenye kope, yule mzee ameshapelekwa hospitali. Gurudumu nililikuta ndani ya pamba, limelala uso juu. Lilikuwa bado linang'aa. Midomo ya matundu ilikuwa imebaki na rangi iliyosagika, kijivu, kama ukoko. Mtu yeyote anayejua kazi angeona.

Askari alikuwa upande wa pili anaandika. Wenzangu walikuwa wanahangaika na jeki. Nikapiga magoti, nikawapa mgongo, nikatoa kisu changu cha kukwangulia na kuisafisha midomo yote minane mpaka ikawa chuma kitupu. Mkono haukunitetemeka. Hilo ndilo linalonitisha ninapokumbuka: mkono ulifanya kazi yake vizuri tu, kama siku zote.

Kisha mtu mmoja kati ya waliokusanyika akasema dereva huyo anamfahamu, ni mlevi. Ni kweli Wambura alikuwa anakunywa, na alikuwa anakunywa sana. Aliacha mwaka ule walipohamishiwa kijiji kipya na nyumba yake ya zamani ikabomolewa. Wengi waliongeza pombe, yeye akaacha. Nyangeta alinenepa mwaka ule. Lakini watu wanakumbuka wanachotaka kukumbuka, na askari naye akaandika.

Akamuuliza Wambura kama alizikaza nati baada ya kufungwa magurudumu. Akasema hakuzikaza. Akaulizwa kwa nini. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kisu mfukoni. Aliniangalia mara moja, kisha akaangalia viatu vyake.

"Nilijisahau," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo pale pale. Nikaenda kusaidia kwenye jeki.

Tangu siku hiyo hatujaongea. Tukikutana karakana ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo shemeji", kwa sauti ile ile. Afadhali angenitukana. Ningemjibu, tungegombana, tungeshikana mashati, mtu angetuamulia na ningelala usingizi. Ananisalimia tu, anapita. Nimeanza kumchukia kwa salamu ile, na naandika hivyo nikijua ninavyoonekana.

Jana niliingia stoo na kuliona tairi la akiba. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Lilitolewa kwenye lori likaegeshwa ukutani, na hakuna aliyelichunguza kwa sababu halijafanya kosa lolote. Nililipaka siku moja na mengine, rangi ile ile, mikono mitatu, na kwa kuwa halikuwahi kufungwa nati likatembea barabarani, matundu yake yote manane yalikuwa bado yamejaa rangi nene. Ushahidi mzima, umesimama pale, unapendeza.

Nikamwambia mlinzi naenda kulirekebisha nyumbani. Mlinzi akasema fundi Magesa kweli anaipenda kazi. Nikatembea nikilisukuma mpaka Buhare, jasho linanitoka, na njia nzima nilikuwa najua ninalileta nyumbani kwa ajili ya nini. Kulikwangua. Hiyo ndiyo ibada niliyobaki nayo nyumbani leo asubuhi, wenzangu walipokuwa wanaimba.

Mke wangu na watoto walipoondoka nililiegemeza ukutani sebuleni, nikatandika gunia, nikakaa na kisu. Nikasafisha tundu la kwanza. Nilikuwa nimeanza la pili Nyangeta alipobisha hodi.

Alikuwa amelowa, kapu mkononi. Ameniletea samaki, ningu wawili, wakubwa, wa kununua, sijui hela amezitoa wapi nyumba ile. Alipiga goti kunisalimia kama tulivyolelewa, kisha akakaa pembeni ya kiti, hakuegemea.

"Kaka, nimekuja kukuomba. Kesho ukasimame useme tu kwamba Wambura siku hizi hanywi. Wewe wanakusikilizaga. Alikuwaga anakunywa, mimi sikatai, lakini aliacha na wewe ni shahidi. Nikimuuliza nati ulisahauje, ananyamaza. Wambura kunyamaza? Huyu mtu anaongeaga hata na jembe. Sasa anakaa tu. Naogopa atarudia pombe."

Nikamwambia nitaangalia la kufanya. Niliisikia sauti yangu inavyosema, ilikuwa sauti ya Ndugu Masatu kabisa.

Hapo ndipo akaliona gurudumu. Akasogea, akapitisha kiganja juu ya rangi, taratibu, jinsi mtu anavyogusa kitambaa dukani asichoweza kununua.

"Hata Jumapili kaka unafanya kazi," akasema. "Wambura anasemaga hakuna mtu anapaka kama wewe. Anasema ukishika brashi yeye analala njiani bila wasiwasi."

Sikupanga kumwambia. Nilikuwa na kisu mkononi, na unga wa rangi ya fedha umenijaa kwenye magoti, na sikupanga kumwambia. Nilimwambia yote. Grisi, ndui, mikono mitatu, Makutano, shamba la pamba. Nilimwonyesha tundu nililokwangua na matundu ambayo bado. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaelezaga wanafunzi wa ufundi, na sikuacha kitu.

Alitia kidole kwenye tundu lililokwanguliwa, kisha kwenye moja ambalo bado.

"Na yeye anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu lori lilipolala."

Hakulia. Nilitegemea atalia, pengine nilitaka alie, ili niwe mtu wa kumbembeleza. Alisimama, akaninyang'anya kisu mkononi, akakitia kwenye kapu lake, akatoka. Hakuniita kaka. Mlangoni aligeuka, nikadhani atasema neno, kumbe alikuwa anaangalia gurudumu.

Mke wangu amerudi, ameuliza ningu hawa wametoka kwa nani. Nimemwambia kwa Nyangeta. Amesema mdogo wako ana moyo. Yuko jikoni anawakaanga, na mimi nitawala, maana sijui nitasema nini nisipowala.

Nimeyahesabu matundu ya gurudumu tena. Tundu moja limekuwa chuma. La pili nimelianza, lina mkwaruzo mmoja. Sita hayajaguswa. Ndani nina msasa, nina patasi, nina hata kisu cha jikoni. Nyangeta hakufikiria hayo, au alifikiria akaniachia mwenyewe. Bado sijaligusa tangu ameondoka. Naandika hapa nikiwa nimelipa mgongo.

Kamati itaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Wataniuliza habari ya kisu. Masatu ataruka nje ya jambo hili kabla sijafika katikati, na safari hii atakuwa na haki. Kazi yangu itakwenda, na dawa ya Magesa itapakwa na mtu mwingine ambaye ataiweka mpaka kwenye pedali. Wambura pengine atarudishiwa funguo zake na pengine hatarudishiwa, kwa sababu kukaza nati ni kazi ya dereva, na kanuni haina mahali palipoandikwa shemeji. Hilo sijui. Najua tu kwamba nikinyamaza, hana mtu.

Kikao ni saa tatu. Kutoka hapa mpaka Mukendo ni mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa mtu anayesukuma gurudumu la lori. Nitatoka saa moja, kukiwa kweupe, nipite njia kubwa. Watu wa Buhare wananifahamu wote. Watanisimamisha, wataniuliza fundi unakwenda wapi na tairi asubuhi asubuhi, nami nitamjibu kila atakayeuliza, mmoja mmoja, ili nikifika mlangoni pa kamati nisiwe tena na pa kurudi.

Wala siogopi maswali yao. Naogopa watakavyoanza. Kabla ya kuuliza chochote, wataanza kwa kulisifia.